Bunduki ya upepo na nguruwe pori: Shabaha ya mbali ina gharama yake

Kwa mkulima wa mahindi au karanga katika majimbo ya kusini mwa Marekani, adui wa shamba si ukame peke yake. Kundi la nguruwe pori likiingia usiku mmoja hufukua mistari ya mbegu iliyopandwa mchana, hulalia mazao yaliyosimama na kuacha mashimo yanayoweza kuvunja mashine ya kuvunia. Asubuhi mwenye shamba hahesabu tena magunia atakayovuna, bali ekari alizopoteza.

Idara ya Kilimo ya nchi hiyo inakadiria kwamba hasara ya nguruwe hao, pamoja na gharama za kupambana nao, hufikia dola bilioni 2.5 kila mwaka katika sekta ya kilimo pekee. Wanyama wenyewe wanakadiriwa kuzidi milioni 6, wametapakaa katika majimbo yasiyopungua 35, na zaidi ya milioni 2 kati yao wako Texas. Katika sheria ya kilimo ya mwaka 2018, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 75 kwa ajili ya mradi wa majaribio wa kuwadhibiti.

Palipo na hasara kubwa, wauza dawa hawakosekani. Miongoni mwa bidhaa zilizopata soko katika miaka hii ni bunduki ya upepo yenye mtutu mpana. Hii si ile ya kupigia ndege ambayo wengi wameiona. Ni silaha inayorusha kipande cha madini ya risasi chenye unene wa kidole kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, na ambayo wauzaji wake hupenda kuisifu kwa kulenga mbali. Swali linalomhusu mkulima ni moja: je, umbali huo unaosifiwa unapatikana kweli, kwa gharama gani, na je unaokoa mazao?

Sheria ilivyofungua mlango

Mwaka 2018 Texas ilipitisha kanuni ya kuruhusu bunduki za upepo kutumika kuwinda kulungu na baadhi ya wanyama wengine wa msimu. Kanuni iliweka masharti. Kipenyo cha mtutu kisipungue inchi 0.30, yaani milimita 7.6. Risasi iwe na uzito usiopungua gramu 9.7 na itoke kwa mwendo usiopungua mita 244 kwa sekunde, au bunduki itoe nguvu isiyopungua futi-paundi 215, sawa na juli 291 hivi.

Kwa nguruwe pori masharti ni mepesi zaidi, maana katika jimbo hilo mnyama huyo hana msimu wala idadi maalumu. Tangu mwaka 2019, mtu aliyepewa ruhusa na mwenye ardhi anaweza kumuua katika ardhi ya mtu binafsi bila leseni ya uwindaji.

Ipo sababu nyingine ya soko hili kukua. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inaitafsiri bunduki kuwa ni chombo kinachorusha risasi kwa mlipuko. Hewa iliyoshindiliwa si mlipuko, hivyo sheria hiyo ya taifa haiigusi bunduki ya upepo kama inavyozigusa nyingine, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zao. Kisha katika miaka ya 2020 na 2021 risasi za baruti ziliadimika madukani na bei zikapanda. Mtu mwenye kalibu, jiko na madini ya risasi aliweza kujitengenezea risasi za bunduki ya upepo bila kuhitaji baruti wala fataki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Fundi Bartolomeo Girardoni aliliundia jeshi la Austria bunduki ya upepo iliyotumika tangu miaka ya 1780, ikibeba risasi zipatazo 20. Meriwether Lewis na William Clark, waliovuka bara la Amerika Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806, walibeba bunduki ya aina hiyo ya nguvu na kuwaonyesha wenyeji waliokutana nao njiani. Kilichobadilika leo ni mitungi. Mwaka 2015 kampuni ya AirForce ya Fort Worth, Texas, ilitoa bunduki iitwayo Texan yenye mtutu wa inchi 0.458, inayopita futi-paundi 500, karibu juli 680.

Namba hiyo ni kubwa ikilinganishwa na bunduki ndogo ya upepo ya kufukuzia ndege, ambayo hutoa juli 15 au 20. Lakini bunduki ya kawaida ya baruti ya kuwindia, kama ile ya inchi 0.308, hutoa takriban juli 3,500. Anayenunua bunduki ya upepo ananunua sehemu moja kati ya tano ya nguvu hiyo. Hapo ndipo tatizo la umbali linapoanzia.

Mita mia moja si hamsini mara mbili

Tuseme risasi ina uzito wa gramu 20 na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 270 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa chini kuliko sauti, ambayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya baruti huenda mara tatu ya hapo. Risasi inayokwenda taratibu hukaa hewani muda mrefu, na kila sehemu ya sekunde inayokaa hewani, mvuto wa ardhi unaivuta chini.

Hesabu inaonyesha kwamba risasi hiyo hufika mita 50 ikiwa imeshuka sentimita 17 kutoka mstari wa mtutu. Ikifika mita 100 imeshuka sentimita 72. Ikifika mita 200 imeshuka mita 3 na zaidi kidogo. Umbali umeongezeka mara nne, lakini mshuko umeongezeka karibu mara kumi na nane.

Mshuko wenyewe si kosa, kwa sababu darubini hurekebishwa ili kuufidia. Kosa huja pale mpigaji asipojua umbali halisi. Aliyeweka darubini yake kwa mita 100, na mnyama akawa mita 110, atapiga chini kwa sentimita 9 hivi. Aliyeiweka kwa mita 200, na mnyama akawa mita 210, atapiga chini kwa sentimita 18. Mita 10 ni hatua kumi na kitu tu, na jicho la mtu gizani haliwezi kuzitofautisha.

Sehemu ya mwili wa nguruwe ambayo ikipigwa mnyama huanguka haraka, yaani eneo la moyo na mapafu, ina upana wa kama sentimita 15 kwa nguruwe wa wastani, sawa na kisahani cha kikombe cha chai. Mpigaji anayelenga katikati ana nafasi ya kukosea sentimita 7 na nusu tu kila upande. Kosa la mita 10 katika kukadiria umbali wa mita 100 linatosha peke yake kuitoa risasi nje ya kisahani hicho.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kuongeza shabaha ya mbali si mtutu mpya. Ni kipimo cha umbali kinachotumia mwanga wa leza, au vigingi vilivyopimwa kwa kamba na kuchomekwa shambani mapema. Kigingi hakina gharama, na kwa mtu anayelinda shamba lake mwenyewe kinafanya kazi ile ile.

Hewa isipolingana, shabaha hailingani

Katika bunduki ya baruti, kila risasi ina kipimo chake cha baruti kilichofungwa kiwandani. Katika bunduki ya upepo risasi zote hutegemea mtungi mmoja. Risasi ya kwanza ikitoka, presha imepungua, na ya pili inaanza na presha ndogo zaidi. Bunduki nyingi za mtutu mpana hutoa risasi mbili, tatu au nne tu zenye nguvu kamili kabla ya kujazwa tena.

Athari yake inapimika. Mwendo ukipungua kwa asilimia 5, risasi iliyotajwa hapo juu itapiga chini kwa chini ya sentimita 2 katika mita 50. Katika mita 100 itakuwa sentimita 7. Katika mita 200 itakuwa sentimita 31, yaani pengine ikapita chini ya tumbo la mnyama. Mpigaji wa karibu hatagundua kasoro ya bunduki yake, bali wa mbali ataigundua kila mara.

Mafundi wa Marekani hulishughulikia tatizo hili kwa njia tatu. Ya kwanza ni regulata, kifaa kinachofanya kazi kama ile ya mtungi wa gesi ya kupikia: mtungi unaweza kuwa na presha ya juu na inayoshuka, lakini kinachofika kwenye vali ni kiwango kimoja. Ya pili ni kutafuta kiwango cha kujaza ambacho vali na hewa vinapatana. Vali nyingi zikijazwa kupita kiasi hushindwa kufunguka vizuri, hivyo risasi ya kwanza hutoka kwa mwendo mdogo kuliko ya pili. Mpigaji hupima kila risasi kwa kipima mwendo, huandika presha na mwendo katika daftari, kisha hujaza mtungi kwa kiwango ambacho risasi mbili au tatu za mwanzo zinakaribiana. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote: kupiga moja au mbili, kisha kujaza tena.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kama mtu anayejaza tairi la baiskeli anavyoona pampu ikichemka. Mtungi uliojazwa paundi 3,000 kwa inchi ya mraba ukiwa na nyuzi joto 50, ukipoa hadi nyuzi 20 utabaki na paundi 2,720 hivi. Anayejaza na kupiga hapo hapo, kisha akasubiri nusu saa na kupiga tena, ametumia presha mbili tofauti bila kujua. Dawa yake ni kujaza taratibu, kuacha mtungi upoe, kisha kuongezea.

Hewa hiyo inapaswa pia kuwa kavu. Unyevu huingia mtungini na kuozesha chuma na vali. Presha ya paundi 3,000 ni mara mia moja ya ile ya tairi la gari dogo, na mtungi ulioliwa na kutu ni bomu. Kwa sababu hiyo mitungi ya nyuzi za kaboni nchini Marekani hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na mingi huondolewa kazini ikitimiza miaka 15.

Risasi ilingane na mtutu

Baada ya hewa, jambo kubwa ni risasi yenyewe. Mtutu una mifereji iliyojisokota ndani yake inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Risasi ikiwa nyembamba kuliko mtutu, hewa huvuja pembeni yake na mifereji haiishiki sawasawa. Ikiwa nene mno, hugoma na mwendo hupotea.

Namna ya kujua ni kusukuma taratibu kipande laini cha risasi kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho, kisha kukipima kwa maikromita. Kipimo hicho ndicho upana wa kweli wa mtutu, ambao si lazima ulingane na namba iliyoandikwa na kiwanda. Risasi zinazofaa huwa na upana huo huo au zimezidi kwa sehemu moja ya elfu ya inchi. Presha ya hewa ni ndogo mno kuliko ya baruti, haiwezi kuilazimisha risasi ngumu kutanuka ikajaza mtutu. Ndiyo maana hutumika risasi laini isiyochanganywa na bati.

Uzito nao hupimwa. Risasi zilizosubuliwa kwa mkono hutofautiana, nyingine zikiwa na vipovu vya hewa ndani. Mwenye kutaka kulenga mbali huziweka moja moja juu ya mizani ndogo, huzitenga kwa uzito, na zilizopungukiwa huzirudisha chunguni. Kazi hii hufanyika mahali penye hewa ya kutosha na mbali na watoto na chakula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Urefu wa risasi hauwezi kuongezwa ovyo. Risasi ndefu na nzito hukata upepo vizuri, lakini huhitaji mifereji iliyojisokota kwa kasi zaidi. Mwaka 1879 mwanahesabu wa Uingereza, George Greenhill, alitoa kanuni ambayo bado inatumika kama mwongozo: chukua 150, gawanya kwa urefu wa risasi uliopimwa kwa upana wake. Risasi yenye urefu mara mbili ya upana wake huhitaji mzunguko mmoja kila umbali wa upana mara 75. Kwa mtutu wa inchi 0.458, hiyo ni kama inchi 34. Aliye na mtutu wa aina hiyo akinunua risasi ndefu mara tatu ya upana wake, itayumba, hata kama tangazo lake linasema ni ya masafa marefu.

Mkono, jicho na upepo

Risasi ya bunduki ya upepo huchukua muda zaidi kutoka mtutuni kuliko ya baruti. Mpigaji anayetikisika au anayeinua kichwa mara tu anapofyatua, huisogeza bunduki kabla risasi haijatoka. Wanaofanya vizuri huiweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga au miguu miwili, hufyatua taratibu, na hubaki wametulia wakitazama kwenye darubini mpaka waone risasi imefika.

Darubini yenyewe ina mipaka. Kwa kuwa mshuko ni mkubwa, darubini nyingi huishiwa nafasi ya kurekebishwa kabla ya kufika mita 200. Hapo hutumika kishikio kilichoinamishwa kidogo mbele ili kuipa nafasi. Skrubu zake hukazwa kwa kipimo, kwani kilicholegea kwa unene wa unywele huleta kosa la sentimita kadhaa mbali.

Upepo wa pembeni ndio mtihani wa mwisho. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, unaotikisa majani na matawi madogo, utaisukuma risasi hiyo sentimita 6 katika mita 100. Katika mita 200 utaisukuma karibu sentimita 23. Hakuna regulata wala darubini inayouondoa. Mpigaji hujifunza kuusoma kwa kutazama nyasi na vitambaa vilivyofungwa kwenye vigingi, na mwenye busara husubiri utulie.

Ukijumlisha yote haya, picha inakuwa wazi. Katika mita 50, kosa la kukadiria umbali kwa mita 10 huleta sentimita 4, mwendo uliopungua huleta chini ya 2, na upepo huleta kama 1 na nusu. Hata yakikutana yote, risasi bado iko ndani ya kisahani. Katika mita 100, kila moja lazima lidhibitiwe. Katika mita 200, mtu ambaye amedhibiti mawili na kuliacha la tatu amekosa, au vibaya zaidi, amejeruhi. Watu wanaopiga karatasi mita 200 na zaidi katika mashindano wapo, lakini karatasi haitembei, umbali wake unajulikana, na ikikoswa haikimbilii vichakani na jeraha.

Kipimo cha haki kwa mwenye bunduki ni hiki: weka kisahani cha sentimita 15 na upige risasi tano, ukiwa katika hali ile ile utakayokuwa nayo shambani, si juu ya meza ya kiwanja. Umbali mkubwa ambao zote tano zinaingia, ndio mwisho wako. Moja ikitoka nje, sogea karibu.

Tena risasi ya gramu 20 iliyokosa shabaha haipotei. Ikielekezwa juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Nyuma ya mnyama pawe na udongo au mteremko, si anga tupu, barabara wala nyumba ya jirani.

Hesabu ya mkulima

Bunduki ya aina hii huuzwa zaidi ya dola 1,000. Kisha darubini, kipimo cha umbali, mtungi wa akiba na kompresa inayofikia presha hiyo, ambayo bei yake inaweza kuzidi ya bunduki. Pampu ya mkono ipo, ila ni jasho jingi kwa risasi mbili.

Je, fedha hiyo inaokoa mazao? Wataalamu wa ugani wa Texas wamekadiria kwamba ili idadi ya nguruwe isiongezeke, lazima waondolewe asilimia 66 kila mwaka. Jike huanza kuzaa akiwa hajatimiza mwaka, na huzaa wengi. Shamba linalozungukwa na nguruwe 100 linahitaji kuondoa 66 ili mwaka ujao wabaki wale wale 100. Kwa mtu anayeua mmoja kila anapotoka, hiyo ni mikesha 66 yenye mafanikio ndani ya mwaka, kabla hajapunguza hata mmoja.

Zaidi ya hapo, nguruwe ni mwerevu. Kundi likipigwa risasi, mmoja huanguka na waliobaki hutawanyika, hubadilisha njia na saa za kula, na huwa wagumu zaidi kunasa. Ndiyo maana wataalamu wengi hupendekeza zizi kubwa la kunasia: nguruwe huzoeshwa kula mahindi ndani yake kwa siku kadhaa, mlango ukiwa wazi, na hufungwa tu siku kundi zima limeingia. Usiku mmoja unaweza kuondoa nguruwe 15 au 20, bila kubaki wa kusimulia.

Kuna na suala la soko. Kwa mujibu wa kanuni za ukaguzi wa nyama za Marekani, mnyama lazima akaguliwe akiwa hai kabla ya kuchinjwa ndipo nyama yake iuzwe. Nguruwe aliyenaswa hai Texas anaweza kuuzwa kwenye kituo cha wanunuzi na kumrudishia mkulima sehemu ya gharama. Aliyepigwa risasi shambani hawezi kuingia katika biashara hiyo. Ni kitoweo cha nyumbani, na mchunaji avae glavu kwa sababu wanyama hao hubeba ugonjwa wa kutupa mimba ambao humwambukiza binadamu.

Hiyo haina maana kwamba bunduki ya upepo haina kazi. Inafaa kwa nguruwe mmoja mmoja waliokataa zizi, karibu na mabanda ambapo mlio wa baruti ungetisha mifugo na majirani, na kwa kummaliza haraka aliyenaswa. Kazi zote hizo ni za mita 50 au chini. Umbali unaouzwa kwa bei ya juu ndio ambao mkulima anauhitaji kidogo kuliko wote.

Somo kwa wakulima wa Afrika Mashariki

Mkulima wa mahindi anayelala kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani anaweza kuvutiwa na habari hizi. Ajue kwamba sheria za hapa ni tofauti kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya silaha inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha. Tanzania inasimamia silaha kwa sheria ya mwaka 2015, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuua mnyamapori bila kibali. Anayeagiza bunduki ya upepo nje akidhani ni kifaa cha kilimo anaweza kujikuta kituo cha polisi.

Njia zilizopo ni kutoa taarifa mapema kwa ofisa wa wanyamapori na kuandika hasara kabla ya kuvuna kilichobaki. Tanzania ina malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao. Malipo hayo mara nyingi hayafikii hasara, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hicho kidogo.

Lililo sawa Texas na hapa ni hesabu. Kabla ya kununua chombo chochote cha kulinda shamba, mkulima aulize kinaondoa wanyama wangapi kwa mwaka, si kinafika mita ngapi. Mwenye bunduki ya dola elfu mbili anayekesha peke yake, na jirani aliyejenga zizi kwa kushirikiana na wenzake watano, hukutana sokoni mwisho wa msimu. Magunia yao ndiyo yatakayosema nani alilenga vizuri.